Mabeseni mawili, mto mmoja: vijana wanavyoweza kuusoma mto wao

Weka beseni jeupe juu ya jiwe, tia maji ya mto hadi nusu, kung'utia humo ulichokinga kwenye chujio, kisha waambie vijana wanyamaze dakika mbili. Mwanzoni wataona mchanga na majani yaliyooza. Halafu kipande kimoja cha jani kitaanza kutembea. "Mwalimu, hili lina miguu!" Vichwa vyote hugongana juu ya beseni, na somo huwa limeanza bila ya mtu kulitangaza.

Kilichotembea si jani. Ni lava wa mdudu aliyejijengea nyumba kwa vipande vya majani na chembe za mchanga, akavishikanisha kwa uzi laini anaoutoa kinywani. Ukimgusa anajivuta ndani kama kobe. Akikomaa atatoka majini na kuruka kama kinondo cha kahawia, wa aina ile unayemwona akizunguka taa ya barazani. Vijana ninaokwenda nao mtoni humwita fundi, na jina hilo limetutosha.

Nauzungumzia Mto Morogoro kwa sababu ndio ninaoujua. Unatoka kwenye misitu ya Uluguru juu ya mji, unashuka kwa kasi kati ya mawe makubwa, unapita mjini, kisha unaungana na Ngerengere. Ngerengere nao unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha mabomba mengi ya Dar es Salaam. Kijana anayegeuza jiwe mtoni chini ya Morning Side, mlimani juu ya mji, anagusa maji ambayo mengine yataishia kwenye ndoo ya shangazi yake Kimara.

Ukichota beseni la kwanza huko juu kwenye mawe na la pili chini, mto ukishapita penye kufulia, penye kuoshea magari, kwenye bustani za mboga na midomo ya mitaro, utadhani umechota kwenye mito miwili. La juu lina mafundi, kaa wadogo, na wadudu bapa wenye mikia mirefu wanaong'ang'ania mawe kana kwamba wamegundishwa. La chini lina minyoo myembamba, konokono, ruba, na vijifunza vyekundu vinavyojinyonganyonga kwenye matope. Swali la kwanza la vijana huwa ni lile lile: wale wa juu wamekwenda wapi?

Chupa inasema leo, mdudu anasema miezi

Njia iliyozoeleka ya kupima mto ni kuchukua maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara. Ni njia nzuri na ina kazi zake. Lakini chupa inajua habari za dakika ile tu iliyojazwa. Mtu akimwaga oili chafu mtoni Jumatatu usiku, mpimaji akaja Alhamisi, oili ile imeshafika mbali na chupa haina la kusema.

Mdudu wa majini hana pa kukimbilia. Lava wa fundi, wa kereng'ende na wa wale wenye mikia huishi majini wiki nyingi, na wengine miezi mingi, kabla ya kuota mabawa. Wakati wote huo hupumua maji hayo hayo na kula kilichomo. Ukimkuta mzima na mnene leo, maana yake mto haukumtenda vibaya tangu alipotoka kwenye yai. Ukikosa kabisa wa aina yake mahali ambapo angefaa kuwepo, kuna jambo limetokea, hata kama maji ya leo yanang'aa.

Kwa nini basi baadhi wafe na wengine wanawiri? Jibu kubwa ni pumzi. Lita moja ya hewa tunayovuta ina karibu robo gramu ya oksijeni. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 20 haibebi zaidi ya miligramu 9 hivi, yaani chini hata ya sehemu moja ya ishirini na tano ya ile ya hewa. Maji yakipata joto la nyuzi 30 kiasi hicho kinashuka hadi miligramu 7 na nusu hivi. Kwa hiyo mto ni mahali pa kuhemea kwa taabu hata ukiwa msafi. Penye mawe maji yanagongana na kutoa povu, hewa inaingia. Penye kivuli maji yanabaki na ubaridi. Ukikata miti ya ukingoni, ukaingiza maji ya choo na mabaki ya chakula, bakteria wanajitokeza kuozesha uchafu ule, nao wanavuta oksijeni ile ile kidogo iliyokuwepo. Anayekufa kwanza ni yule anayehitaji oksijeni nyingi.

Hapa ndipo ninapowapa vijana lenzi na kuwaachia muda mrefu, maana mambo yenyewe yanaonekana kwa macho. Mmoja wa wale wenye mikia ana matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, pande zote mbili za tumbo, membamba kama vijani, na ukitulia utaona yanapepea mfululizo ili kusogeza maji mapya. Mwingine, mkubwa kidogo, mwenye mikia miwili na kucha mbili kwenye kila mguu, ana matamvua yake kwapani, vishada vyeupe kwenye mashina ya miguu. Vitabu vya shule hufundisha kuwatofautisha kwa kuhesabu mikia, mitatu huyu na miwili yule. Msiitegemee sana kanuni hiyo. Baadhi ya wale wa matamvua ya tumboni katika mito yetu wana mikia miwili tu, na mikia yenyewe hukatika kwenye chujio. Tazameni matamvua yako wapi.

Sasa rudini kwenye beseni la pili. Kile kijifunza chekundu ni chekundu kwa sababu kina himoglobini, ile ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Inakamata oksijeni hata pale ilipobaki kiduchu, ndiyo maana mwenyewe anaweza kukaa kwenye matope yanayonuka. Kule juu pia wapo ndugu zake, ila wamechanganyika na wengine. Wekundu wakitawala peke yao, mto unahema kwa shida.

Kugeuza beseni kuwa namba

Wataalamu wa Afrika Kusini ndio waliotengeneza mfumo wa kuupa mto alama kwa kutazama wadudu wake, unaoitwa SASS, na baadaye ukarahisishwa kwa ajili ya wanafunzi na wanakijiji ukaitwa miniSASS. Badala ya kutambua mamia ya aina, unatambua makundi 13 tu, na kila kundi lina alama yake kulingana na linavyoshindwa kuvumilia uchafu. Mwenye matamvua kwapani ana alama 17, za juu kuliko wote. Wale wa matamvua ya tumboni wana 11, isipokuwa jamaa zao wadogo wenye umbo la kisamaki, ambao wana 5. Fundi ana 9. Kaa, uduvi na lava wa kereng'ende wanene wana 6. Konokono ana 4. Minyoo, ruba, na funza wa jamii ya nzi na mbu wana 2.

Tuseme beseni la juu lina mwenye matamvua kwapani, wa matamvua ya tumboni, kisamaki, fundi, kaa, kereng'ende na mbawakawa wa maji mwenye 5. Jumla ni 59, unagawa kwa makundi 7, unapata 8.4. Beseni la chini lina minyoo, ruba, funza wa jamii ya nzi, konokono na mbawakawa: 15 kwa makundi 5, yaani 3. Hakuna haja ya kuhesabu wadudu mmoja mmoja. Ruba mmoja na ruba mia ni alama zile zile 2, kwa sababu swali ni nani anayeweza kuishi hapo, wala si wangapi.

Tanzania tuna mfumo wetu wa kitaalamu zaidi, TARISS, uliotokana na huo wa kusini lakini ukajengwa juu ya viumbe wa mito yetu. Mwanasayansi aliyeuandaa ni Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ulichapishwa mwaka 2015. Huo unahitaji kutambua wadudu kwa undani wa familia, kazi ya mtu aliyesomea. Kwa klabu ya shule miniSASS inatosha kuanzia, na ni vizuri vijana wajue kwamba mbele yao iko ngazi ya kupanda, na kwamba aliyeijenga ni mtu wa hapa hapa.

Mahali watu wanapojikwaa

Kosa la kwanza ni kudhani maji maangavu ni masafi na maji ya rangi ni machafu. Dawa ya kuua wadudu wa mboga haibadilishi rangi ya maji. Ikitiririka mtoni baada ya mvua, lava wa wadudu wanateketea kwanza, minyoo na konokono wanabaki, na maji yanaendelea kung'aa kama kioo. Upande wa pili, mto unaotoka msituni unaweza kuwa na rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani, na ndani yake kukawa na kila kundi unalolitafuta.

Kosa la pili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, nalo ni la kulinganisha mawe na mchanga. Wenye matamvua kwapani wanataka mawe na maji yaendayo kasi. Wapeleke kwenye mchanga wa bonde hawatakaa, hata maji yawe ya mbinguni. Kwa hiyo namba ya mto wa mawe ina kipimo chake na ya mto wa mchanga ina chake. MiniSASS yenyewe inatenganisha hayo mawili. Kijana akitoka mlimani na 8 akapata 5 bondeni, asikimbilie kuwashtaki watu wa bondeni. Kwanza aulize mto wenyewe umebadilika vipi chini ya miguu yake.

La tatu ni majira. Masika yakipamba moto, mafuriko hufagia mawe na wakazi wake. Ukienda siku mbili baada ya mafuriko utakuta beseni tupu katika mto ulio mzima kabisa. Mto unahitaji wiki kadhaa kujaza nyumba zake. Ndiyo maana mimi napenda Julai na Agosti, maji yakiwa yametulia na mawe yakionekana, na ndiyo maana ziara moja haithibitishi chochote. Daftari lenye ziara sita za mahali pamoja lina thamani kuliko ziara moja moja za mito sita.

Na la nne, ambalo ningeliandika kwa herufi kubwa kama ningeweza: alama nzuri haimaanishi maji ni ya kunywa. Wadudu hawaumwi kipindupindu wala homa ya matumbo. Kinyesi kidogo kilichoingia asubuhi hakitamsumbua fundi hata chembe, lakini kitamlaza mtoto. Beseni linapima afya ya mto. Afya ya kikombe hupimwa maabara. Nimewahi kuona kijana akiinama kunywa kwa furaha baada ya kupata 8, na toka siku hiyo jambo hili nalisema kabla hatujavua viatu.

Kwa kweli viatu havivuliwi. Konokono walio kwenye majani ya maji yanayokwenda polepole wanaweza kubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hivi hadi saa nane mchana. Havihitaji kidonda, vinapenya ngozi nzima. Kwa hiyo kundi letu huanza saa moja na nusu asubuhi, huvaa buti za mpira, na sehemu za chini zenye magugu na maji yaliyotuama tunachota tukiwa ukingoni kwa chujio lenye mpini mrefu. Mawe ya juu yenye maji ya kasi yana hatari ndogo zaidi ya kichocho, lakini yana yake: mvua inaweza kunyesha mlimani huku mjini kukiwa na jua, na maji yakaja ghafla. Maji yakianza kubadilika rangi au kuleta vijiti, mnatoka wote, wala hamrudi kuchukua beseni. Kwenye mito mikubwa kama Ruvu, yenye mamba na viboko, sipeleki vijana kuchota kabisa. Huko tunatazama ndege.

Na ndege nao ni somo. Mdiria akikaa kwenye tawi moja asubuhi nzima, chini yake pana samaki wadogo, na wale samaki wanakula wale wadudu. Fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, hujenga kiota kikubwa kiasi cha kumbeba mtu, kwa fito na matope ya mtoni. Vijana waliowahi kusimama chini ya kiota hicho hawakisahau.

Vifaa ni vya nyumbani: beseni jeupe, chujio, kijiko cha plastiki, treyi ya kugandishia barafu ya kutenganishia makundi, daftari na penseli. Wengine hushona wavu. Kama mnashona, msitumie chandarua chenye dawa. Dawa iliyowekwa kuua mbu itaua na hawa, nanyi mtaandika kwamba mto hauna wadudu kumbe mmewaua wenyewe. Kitambaa chepesi cha pazia kinafaa. Na kila jiwe lililogeuzwa lirudishwe upande ule ule ulioangalia chini, maana huko ndiko yaliko mayai.

Habari za beseni zipelekwe wapi

Siku moja tulimkuta mama akipalilia mchicha hatua chache kutoka majini. Vijana wakamwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu. Mnavua nini humo, samaki hawapo." Wakamwambia wanatafuta wadudu. Akaacha jembe, akaja kutazama beseni, akaangalia kwa muda, kisha akasema tulipokuwa tumesimama palikuwa na kaa wakati yeye ni msichana, walikuwa wakiwashika kwa mikono. Msichana mmoja akaandika maneno hayo daftarini, chini ya orodha ya siku ile. Nikaona hilo ni kumbukumbu sawa na alama yoyote, kwa kuwa kaa ana alama 6 na hatukumpata hata mmoja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vijana wakiijua, wengi hutaka mara moja kumtafuta mkosaji, na aliye karibu ni yule mama wa mchicha. Hapo mwalimu anatakiwa awe na busara. Milima hii ina historia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa jina la kuhifadhi udongo, na mwaka 1955 watu wakapinga hadi mpango ukafa. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Tatizo ni kwamba wenye mlima waliamriwa, hawakushirikishwa. Mtoto wa mjini akipanda leo na daftari kumhukumu mkulima, anarudia kosa lile lile akiwa na sare ya shule.

Afadhali waende na beseni. Mkulima akiuona mwenyewe ukingo wenye matete na miti una wakazi gani, na ukingo uliolimwa hadi majini una nani, mazungumzo yanakuwa mengine. Anaweza kuacha ukanda wa majani kati ya mchicha na maji, ukakamata udongo na dawa. Na namba zilizokusanywa kwa mwaka mzima, zenye tarehe na mahali, zinaweza kupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo makao yake yako hapa hapa Morogoro. Bodi ina wapimaji wake na chupa zake. Kinachoweza kuwafaa ni kuambiwa kwamba alama ilikuwa 7 hadi Juni, na Agosti ikashuka hadi 4, chini kidogo ya daraja fulani. Hapo wanajua pa kuipeleka chupa.

Mwezi uliopita msichana yule yule alikataa kuingia majini akasema ameona kitu juu ya jiwe kavu, shubiri moja hivi kutoka kwenye maji. Lilikuwa ganda tupu, lenye miguu sita, limepasuka mgongoni, bado limeng'ang'ania jiwe. Aliinama karibu nalo, akatafuta kwapani kwa lenzi, akaviona vile vishada vimesinyaa. Mwenyewe alikuwa ameshaota mabawa usiku na kwenda zake. Akaandika saa, akaandika jiwe, na kwenye safu ya makundi akajaza 17.